Uji, ugali na milima inayotapika moto

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, maiki hii inakatakata. Nani hapa amewahi kusonga ugali? Basi mnajua. Chai ikichemka mvuke unapita zake, lakini ule uji mzito unatega, unakaa kimya halafu paa, unakurukia mkononi. Volkano ni hivyo hivyo. Mtu akinambia aina za volkano ni tatu, hai, iliyolala na iliyokufa, namwambia hiyo ni habari ya usingizi, mi nataka kujua uji wake mzito au mwepesi.

Uji wenyewe, magma, sio kwamba huko chini kote kuna bahari ya moto, hapo wengi tunakosea. Mwamba ni wa moto kweli ila ni mgumu, kinachouzuia usiyeyuke ni uzito wa vilivyo juu yake. Sasa kwenye Bonde la Ufa ardhi inavutwa huku na huku, inakuwa nyembamba, mzigo unapungua, mwamba unaanza kuyeyuka bila hata kuongezewa moto. Ukishayeyuka unapanda, na gesi zilizomo ndo zinasukuma mlango.

Unaofanya uji uwe mzito ni wingi wa silika, kile kitu kinachotengeneza mchanga na kioo. Ikiwa nyingi gesi inanaswa mpaka mlima unapasuka, kama Pinatubo kule Ufilipino 1991. Ikiwa kidogo lava, yaani uji ukishatoka nje, inateleza mbali na mlima unakuwa mpana kama ngao iliyolazwa, mfano Karthala pale Ngazija, Komoro.

Halafu anakuja Nyiragongo wa Goma anavuruga darasa lote. Mlima umechongoka, wa matabaka, ungedhani lava yake nzito, kumbe nyepesi balaa. Januari 1977 ziwa la lava la kileleni lilitoboka pembeni likamwagika lote chini ya saa moja, watu hawakuwahi hata kukimbia. 2002 ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, Mei 2021 ikashuka tena.

Ila kiboko ni Ol Doinyo Lengai, mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Lava yake ni magadi tuseme, silika karibu hakuna, inatoka na nyuzi 500 hadi 600 tu wakati lava ya kawaida inafika 1,100 na zaidi, nyeusi kama oili chafu, mchana huoni hata wekundu, ikinyonya unyevu siku chache inageuka nyeupe. Wageni wanapiga picha wanasema theluji. Theluji wapi! Na usiudharau, Septemba 2007 uji mwingine wenye silika ulikutana na ule wa magadi, gesi ikafumuka, majivu hayo mpaka juu angani.

Kabla ya maswali, Goma wana neno, mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mabonde kama maji usiyoyaona. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita, mbuzi wake anaanguka. Haya, nani anaanza?