Pensheni Ikaliwe Wapi: Kigoma, au Miji ya Mwambao?

(Mhadhara uliotolewa Mwanga, Kigoma, mbele ya watumishi wanaokaribia kustaafu na familia zao)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie wapi maisha ni nafuu, hapa kwetu au kwenye miji ya pwani. Sababu inajulikana. Kila mwaka walimu, manesi na watu wa reli wakipata barua ya kustaafu, kuna wanaofunga mizigo kuwafuata watoto Dar es Salaam, kuna wanaosifiwa Tanga, na siku hizi nasikia hata Mtwara inatajwa. Mtu anakwambia, "Kule mfuko wa saruji ni bei ndogo." Ni kweli. Lakini mtu hali saruji.

Nianze na kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, msinizomee. Zamani baadhi yenu mlikuwa mchukue nusu ya mafao kwa mkupuo, na wengine robo. Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 Serikali ikaupandisha kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wa nusu, na 35 kwa waliokuwa wa robo. Tukiuingia ugomvi huo tutakesha hapa. Ninachotaka mkione, hasa ninyi wa nusu, ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya haki yako sasa inakuja mwezi kwa mwezi. Mstaafu wa zamani alibeba furushi, akauliza bei ya kiwanja, akajenga. Wewe furushi lako ni dogo zaidi, lakini utalipwa kila mwezi mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla hujauliza kiwanja ni bei gani, uliza mwezi mmoja katika mji ule unakula kiasi gani. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mji unaweza kukupendeza kwa moja ukakuumiza kwa lingine.

Sasa mwezi unaliwa na nini? Mimi vitu vya sokoni huvigawa kwa safari zake. Kuna vinavyokuja kutoka mbali. Kuna vinavyotoka hapa kwenda mbali. Na kuna visivyosafiri kabisa. Ukivijua hivyo, hata mji ambao hujawahi kukanyaga unaweza kuukadiria.

Vinavyokuja kutoka mbali ndivyo vinavyotupiga. Saruji inatengenezwa Wazo pale Dar, inatengenezwa Tanga, na tangu 2015 kuna kiwanda cha Dangote Mtwara. Miji yote mitatu ina mawe ya chokaa na ina bandari. Sisi tuko kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar kwa reli, na kila kilomita iko ndani ya ule mfuko. Mafuta ni vilevile. Kila mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, inapotoa bei kikomo za mafuta, angalieni orodha: meli zinashushia Dar, Tanga na Mtwara, halafu bei inapanda kadiri lori linavyokwenda bara, na wilaya za mkoa wetu hazikosi kule juu kabisa. Mafuta yakipanda, bodaboda imepanda, nauli ya Kasulu imepanda, na mashine ya kusaga imepanda. Bati, nondo, dawa, sabuni za kiwandani, vipuri vya pikipiki, vyote vinakula nauli kabla hujavinunua. Tunajiita mwisho wa reli kwa fahari, na bei nayo inatukuta mwishoni.

Kwa hiyo anayetaka kujenga nyumba kubwa ya tofali za saruji, na hana hata msingi hapa, kwake Tanga inaishinda Kigoma bila mjadala. Hapa jengeni kwa matofali ya kuchoma kama wazee wetu. Ila kuni zake nazo zimekuwa shida, na hiyo ni mada ya siku nyingine.

Nije kwenye vitu vyetu vinavyotoka kwenda mbali. Hapa watu wengi wanajidanganya. Mtu anasema, "Nitakaa Kigoma, dagaa wapo." Wapo, ndiyo. Lakini dagaa mkavu wa Kigoma ana wateja Kariakoo, na ana wateja Kongo mpaka Lubumbashi. Mchuuzi pale Kibirizi anajua bei ya Kariakoo kabla hujamwamkia. Anachokupunguzia ni nauli tu. Ongeza na mwezi wa angani: wavuvi wanafanya kazi wakati wa giza kwa taa, mbalamwezi ikitanda wanapumzika, na bei inapanda. Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Nauunga mkono uamuzi ule, lakini bajeti ya jikoni miezi ile iliumia. Maharage ya Kasulu na Kibondo ni hadithi hiyo hiyo, lori linayafuata shambani.

Pwani nako wana yao. Pweza wa Tanga na Mtwara ananunuliwa kwenda Ulaya, kwa hiyo mtu anayeishi hatua chache kutoka baharini analipa bei iliyopangwa na mezani kwa Mtaliano. Nazi inaenda mijini na bara. Msiende Tanga mkidhani mtakula wali wa nazi kila siku kwa sababu minazi mnaiona kwa macho.

(Kicheko)

Nafuu ya kweli iko kwenye kundi la tatu. Mgebuka mbichi wa asubuhi hafiki Dar akiwa mbichi, basi anakuwa wako. Ndizi, viazi vitamu, majani ya muhogo, mawese ya mwanamke unayemjua jina, hivyo havikimbiliwi sana na lori. Chumvi ya Uvinza iko jirani. Mtu anayekula kama watu wa hapa wanavyokula, mwezi wake ni mwepesi. Anayetaka soseji, mkate wa kukatwa na maji ya chupa atalipa zaidi hapa kuliko Dar, na asilaumu mji.

Nyumba nayo haisafiri. Kodi inafuata idadi ya watu wenye mshahara wanaoigombania, basi. Dar ina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, na kule mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja juu yake. Sisi wa Kigoma-Ujiji tuko laki mbili na kitu. Lakini miji midogo ina ugonjwa wake: inapanda wakija wageni wenye posho. Mtwara waliona hivyo miaka ya matumaini ya gesi, kodi zikaruka, kisha bomba likaenda Dar mwaka 2015 na wageni wengi wakaondoka. Tanga sasa wanapokea bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, linaloishia Chongoleani. Hapa kwetu, tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe 1996, mashirika yakijaa nyumba nzuri hazipatikani, yakipunguza watu kuna mageti yanayofungwa kwa kufuli miezi. Mstaafu usipange bei ya maisha yako kwa kutazama mji ukiwa kwenye homa. Sikiliza kama kuna mradi, na uliza unaisha lini.

Umeme tuuguse kidogo. Bei ya TANESCO ni moja nchi nzima. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, akizidisha bei inaruka zaidi ya mara mbili. Sasa fikiri usiku wa Februari Dar au Tanga, joto limelala na wewe kitandani. Feni haizimwi, na anayeweza anaweka kiyoyozi. Hapo uniti 75 hazifiki mwisho wa mwezi. Sisi tuko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 770, na Juni na Julai unajifunika blanketi. Zamani hoja hii isingesimama, maana mpaka 2022 tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli na mgao wake. Gridi ilipofika, ikaanza kuwa faida. Wenye jokofu za migebuka wanaelewa. Hewa ya chumvi nayo ina bili yake: bati, bawaba, nyaya za madirisha, hata friji, vyote vinaliwa na kutu. Mwenye nyumba ya pwani anapaka rangi mara nyingi kuliko wewe.

Na maji. Jamani, tunaishi pembeni ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, na ni maji baridi. Bahari huwezi kuipika. Mombasa wanakunywa maji yanayotoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Dar kuna maeneo ukichimba kisima unapata maji ya chumvi. Tanga wamejitahidi: mamlaka yao ya maji mwaka 2024 iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, na wawekezaji wakainunua yote. Hapo nawapa saluti. Sisi ziwa tunalo na bado kuna mitaa ya mlimani inasubiri bomba. Na maji ya ziwa msiyanywe hivyo hivyo. Mwaka 2015, wakimbizi walipojaa Kagunga, tuliona kipindupindu kinavyokimbia ufukweni. Kichocho nacho hakijaondoka.

Zanzibar nimeulizwa pembeni. Nitasema moja tu: umeme wao unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu waya ulipoharibika. Vitunguu navyo vinavuka maji. Ni pazuri kutembea.

Sasa lile ambalo watu hawaliandiki kwenye bajeti. Mji una bei ya vitu vilivyopo, na una bei ya vitu visivyokuwepo. Maweni ni hospitali yetu ya rufaa ya mkoa na inafanya kazi kubwa. Lakini moyo ukihitaji wataalamu wa Taasisi ya Jakaya Kikwete, wako Muhimbili. Saratani, ni Ocean Road kule Dar au Bugando kule Mwanza. Kadi ya bima inalipa matibabu. Hailipi nauli yako, wala nauli ya binti anayekusindikiza, wala gesti wiki mbili ukisubiri majibu. Kutoka Tanga mgonjwa anapanda basi asubuhi na jioni yuko Dar. Kutoka hapa treni ni karibu siku mbili, na ndege ni pensheni ya mwezi kwa wengi wetu. Mzee mwenye kliniki Dar kila baada ya miezi mitatu, nafuu yake yote ya migebuka inaishia njiani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye nyumba hapa, mwili unamtii, na anakula vya hapa: asihame, pwani haina cha kumpunguzia. Mwenye maradhi ya kufuatiliwa na bingwa: Tanga, na nasema Tanga, sio Dar. Dar nenda kama unakaa kwa mtoto mwenye chumba cha ziada na mkwe mwenye subira. Hivyo vyote viwili havina bei kikomo.

(Kicheko. Maswali.)

Mama aliyeuliza kuhusu majirani: nakubaliana nawe, na hoja hiyo sikuipa uzito wake. Mtu aliyefundisha Ujiji miaka thelathini, akiugua usiku kuna aliyemfundisha mwenye bajaji. Huko aendako ataanza kuwa mgeni akiwa na miaka 60. Waliozaliwa Tanga wakapangiwa kazi hapa, hesabu yao inageuka, maana kwao ndiko kwenye ndugu.

Mzee wa Bangwe ameuliza kama anunue kiwanja ufukweni hapa hapa, kwa kuwa amepata cha bei nzuri. Mzee wangu, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au bahari, na anayekuuzia pengine anaijua. Pili, ziwa limepanda sana miaka hii, na 2024 nyumba za watu ziliingiliwa na maji. Usikipime Septemba maji yakiwa yamerudi. Nenda mwezi wa tano, uwaulize wavuvi wa mwalo ule maji yalifika mti gani, ndipo uanze kuhesabu hizo mita 60.