Mwembe wa Uani: Dawa Hupigwa Wakati wa Maua

Mabibi na mabwana, leo tubaki na mwembe mmoja tu, ule wa nyuma ya nyumba unaochanua mpaka majani hayaonekani, kisha unabakiza maembe saba. Watu husema ni upepo, au jicho la mtu. Mara nyingi ni kuvu, nazo ni mbili, kila moja na dawa yake.

Pitisha shada la maua kati ya vidole. Likikuachia unga mweupe, huo ni ubwiriunga. Haungoji mvua, hupenda usiku wa baridi na mchana mkavu, ndiyo maana hapa pwani husumbua Juni hadi Agosti. Ukikuta madoa meusi na vijiti vilivyokauka kama vimebabuliwa na moto, hiyo ni chule, nayo haiingii bila unyevu.

Ubwiriunga hupigwa salfa. Wa Mtwara na Lindi mnaijua kwenye mikorosho, lakini angalieni: ile ya vumbi hupulizwa kavu kwa mashine. Ukiitia kwenye bomba la kupulizia lenye maji huelea na kuziba nozeli. Tafuta ya kuchanganya na maji, asilimia 80, gramu 50 kwa lita 20. Lebo ikisema vingine, fuata lebo. Ikoroge kwanza kikombeni iwe uji, ndipo umimine. Anza shada likiwa urefu wa kidole, rudia kila siku 10 hadi 14 mpaka vijiembe viwe kama njegere. Piga jioni nyuki wakisharudi mzingani. Kwenye jua kali salfa huunguza maua.

Chule ina hila. Huingia embe likiwa bichi, hulala ndani ya ganda, na madoa hutokea likiiva. Kupiga dawa hapo ni kumpa marehemu panadoli. Tumia kopa oksikloridi ya asilimia 50, gramu 60 kwa lita 20, kabla maua hayajafunguka, kisha embe likifikia gololi.

Lakini msumeno hutangulia bomba. Baada ya mavuno kata vijiti vikavu na mashada ya mwaka jana, fungua katikati jua lipenye, choma vyote. Matone ya mvua hubeba mbegu za kuvu kutoka kwenye vijiti hivyo. Ile michirizi myeusi kama machozi kwenye embe ndiyo njia yalimopita.

Embe lililokwisha kuchumwa, kabla halijaiva, litumbukize kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5. Nunua kipimajoto, mkono haupimi: yakipoa kuvu haifi, yakizidi sana ganda linababuka.