Usinipe kilomita, nipe saa za mwanga

Haya jamani, tukae. Mliotoka Nairobi na Mwanza karibuni sana Kampala, na ndugu zetu wa Goma nimewaona pale nyuma, karibuni. Nimeombwa niongee juu ya kupanga safari ya pikipiki ya siku kadhaa kule magharibi, Ankole, Kigezi, Tooro. Wengine hapa mshanisikia mara tatu mara nne, mnajua naanzia wapi, na leo naanzia palepale. Nitarudia hivyohivyo mpaka siku mtu aniletee karatasi ya safari ambayo haijaandikwa kilomita.

Manake ndio inavyokuwa kila mara. Kijana anakuja, mzee nimeshapanga, siku ya kwanza Kampala mpaka Kabale, kilomita 400 na kitu, lami tupu, saa sita tumefika. Saa sita za nani? Hiyo hesabu ya simu ni ya gari lisilokunywa chai, lisilosubiri mwenzake, lisilokutana na ng'ombe wa Ankole wanavuka barabara na yale mapembe na mchungaji wala hana haraka. Ukiondoka hapa saa mbili asubuhi, mpaka uitoke foleni ya Kyengera asubuhi nusu imeshaliwa. Kayabwe kwenye ikweta lazima msimame, hata wewe uwe umepita mara 20 mgeni uliye naye hakubali kuipita bila picha. Lukaya lazima mle, muchomo na gonja, yaani nyama choma na ndizi za kuchoma, zinakufuata mpaka kwenye usukani. Hapo hata Masaka hujafika na jua liko kichwani.

Na jua la kwetu halibembelezwi. Tuko juu ya ikweta, mwaka mzima linazama kwenye saa moja kasorobo saa moja jioni, na likishazama dakika 20 na kidogo ni giza la kweli. Kwa hiyo siku yako ya barabarani ni ndefu vilevile Januari na Julai, haiongezeki hata ukiomba. Mi nasema hesabu saa za mwanga, toa moja ya chakula, toa moja ya pancha, toa moja ya mvua, iliyobaki ndiyo safari.

Sasa ile ya Ntungamo. Najua mnaijua, wageni hawaijui, naomba mnivumilie.

Tulikuwa wawili, mimi na jamaa yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu makini kabisa na pikipiki yake alikuwa akiitunza kuliko mimi. Tulipanga kwa kilomita. Tulitoka saa nne sababu asubuhi kulinyesha tukangoja, tukasema si neno, tutafidia barabarani. Hilo neno kufidia ndilo linaloua watu. Tukapita Masaka bila kusimama, Lyantonde bila kusimama, tumetoka tu Mbarara tairi yangu ya nyuma ikaanza kucheza, msumari. Tukaisukuma mpaka kwa fundi wa kando ya barabara. Yule fundi alikuwa na pistoni kuukuu, anakwaruza tyubu, anapaka gundi, anaweka kiraka, anabana ile pistoni juu yake kwa klampu, halafu anamimina petroli kidogo ndani ya pistoni anawasha kiberiti. Moto unawaka, mnautazama, unazima wenyewe. Kisha mnangoja ipoe. Hapo huwezi kumharakisha mtu, klampu ikifunguliwa kabla haijapoa kiraka kinang'oka na unaanza upya. Nilikuwa natazama ule moto mdogo ndani ya pistoni na natazama jua, moto, jua, na badala ya kusema leo tunarudi kulala Mbarara nikasema tukimbie.

Na kukimbia magharibi jioni ni kukimbia na jua machoni. Kuanzia saa kumi na moja liko usawa wa kioo cha helmeti, huoni shimo, huoni tuta, na kibaya zaidi hujui kama dereva anayepita lori mbele yako amekuona. Tulipofika Ntungamo lilikuwa linazama, nikashukuru, nikaona afadhali sasa macho yatapumzika. Tukaendelea.

Nyie wote mnajua lori likifia barabarani dereva anafanya nini. Anakata matawi, anayapanga kwenye lami nyuma yake, moja moja, kama ngazi. Mchana unayaona mita 200 unapunguza. Usiku kwa taa ya pikipiki yale majani hayang'ai, ni meusi kama lami yenyewe. Jamaa yangu alikuwa mbele. Nilisikia kwanza mkwaruzo, matawi yanavunjika chini ya tairi, kisha taa yake ya nyuma ikalala ubavu ikateleza mbele yangu. Lori halikuwa na taa hata moja. Alikomea mkono mmoja tu kutoka tairi la nyuma la lile lori, nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, kutoka helmeti yake mpaka raba. Mtulinga ulikatika. Matawi yalikuwa ya mkaratusi, mabichi, yamekatwa siku ileile, na ile harufu mpaka leo nikiinusa kwa watu wanaopasua kuni mwili wote unasisimka.

Gari la maziwa ndilo lilituokoa, pikapu imejaa makopo, tukamkalisha katikati ya makopo ameshika bega, tukarudi Mbarara polepole. Safari ikaishia hapo. Ziwa Bunyonyi hakuliona.

Mtu ataniambia mzee hiyo ni ajali, ajali haina kinga. Hapana ssebo. Lile lori lilikuwa palepale, matawi yalikuwa palepale, tungelipita saa tisa mchana tungempungia dereva mkono tukaenda zetu. Kilichobadilika ni saa tu.

Na kuna kitu kingine kinachoniuma katika siku ile. Kabla ya Mbarara tuliipita Biharwe mbio, bila kugeuza shingo. Pale kuna mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, na jirani yake kile kituo cha utamaduni cha Igongo. Mapokeo yanasema mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa anarudi na jeshi lake na ng'ombe wengi wa kuteka, wakafika pale, mchana kweupe jua likazimika. Jeshi zima likatupa kila kitu likakimbia, ng'ombe wakabaki, na watu wa Nkore, ndiyo Ankole hii, walipowaona wakasema hawa wameshushwa kutoka mbinguni. Jeshi, watu wa vita, waliona giza wakaacha mali wakakimbia. Sisi wawili siku ile tuliliona giza linakuja, tena kwa taratibu, tukalifuata. Nikisimama pale Biharwe sasa hivi nakaa muda mrefu.

Basi tupange, siku nane. Chukueni karatasi, andikeni mahali pa kulala kwanza na mahali pa kusimama kwanza, barabara itajipanga yenyewe katikati.

Siku ya kwanza ni Mbarara, basi. Kilomita 270 hivi, msimame Biharwe saa tisa, mlale mapema. Siku ya pili Kabale, ni nusu ya hiyo, saa saba mchana mko Bunyonyi mmeshavua buti. Na siku ya tatu pikipiki haiwashwi. Hapo ndipo naona nyuso zinabadilika! Siku nzima bila kuendesha, tumekuja kuendesha! Sawa, lakini Bunyonyi unaionaje kutoka juu ya kiti? Panda mtumbwi. Kuna kile kisiwa kidogo Akampene, kijisehemu cha nyasi na mti, hapo wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa walikuwa wanaachwa wafe njaa, au wachukuliwe na mwanamume asiye na ng'ombe wa kulipia mahari. Kuna Bwama, ambako mwaka 1931 palianzishwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Mwambie mpiga kasia asimame kati ya hivyo visiwa viwili, mwulize, nyamaza, msikilize. Hiyo ndiyo siku ambayo mtu anarudi nayo nyumbani, na haina kilomita hata moja.

Kuhusu hela, najua, siku nane ni ghali kuliko nne. Basi nenda siku nne ufike Kabale na urudi. Usiende njia ya siku nane kwa siku nne, hapo huokoi hela, unahamisha tu hela ya loji kuipeleka hospitali.

Siku ya nne Kisoro. Hazifiki kilomita 90, lami, ila ni kona juu ya kona, na asubuhi ukungu umelala kwenye mabonde, usitoke kabla ya saa tatu. Unapita msitu wa Echuya na mianzi yake, ukifika Kanaba zima injini kabisa. Mbele yako milima ya volkano, Muhavura mita 4,127, Mgahinga na Sabinyo, imejipanga mistari kama mtu ameichora. Siwaelezi zaidi, mtaiona.

Ya tano ndiyo kazi. Kutoka Kisoro unazunguka Bwindi kupitia Ruhija kwenda upande wa Buhoma na Kihihi, barabara ya udongo, uko juu ya mita 2,000, mvua inakuja bila kubisha hodi. Ule udongo ukilowa hauterezi tu, unapanda na tairi unajaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Jifunze kuifungua madigadi kabla hujaondoka nyumbani, na spana yake ikae mfukoni, isikae chini ya mizigo. Na hapa nawajibu wale wenye pikipiki kubwa za kilo 200 na zaidi. Mnaziamini, nzuri, kwenye lami mtatuacha. Lakini ikilala kwenye tope la Ruhija utaiinua na nani? Bajaj Boxer ya bodaboda unainua mwenyewe, cheni yake iko kila duka kutoka Kabale mpaka Kihihi, kila fundi anaijua akiwa amefumba macho. Ya kwako kebo ya klachi ikikatika unangoja basi la Kampala. Sisemi usiende nayo, nasema beba kebo ya akiba, na siku ya tano uwe barabarani saa mbili asubuhi, kumi jioni umeshaoga.

Ndiyo mama, nimekuona. Anauliza tembo. Siku ya sita kutoka Kihihi kwenda Katunguru unakatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth kupitia Ishasha, ni barabara ya umma, malori ya Kongo yanapita, na tembo pia wanapita. Ukimwona simama mbali, usipige honi, usizime injini, usijaribu kupita katikati ya mama na mtoto. Atavuka. Tena hiyo ni saa ya kutoa kwenye hesabu yako, mwandikie tembo saa yake.

Ukivuka daraja la Katunguru usikimbilie Kasese, kata kushoto uende Katwe. Nawaomba sana. Ni ziwa la chumvi ndani ya kreta, watu wamegawana maji kwa vijiti na matope, kila mtu na kishamba chake, jua linakausha, wanakusanya chumvi kwa mkono. Yale maji ukiwa na mkwaruzo mguuni utajua. Kwa chumvi hiyo mfalme Kabalega wa Bunyoro alipigania Katwe, na Lugard, yule kapteni Mwingereza, mwaka 1891 akajenga ngome pale, hakuijenga kwa sababu ya mandhari. Kuna na magofu ya kiwanda, mabomba yaliliwa na maji yaleyale kiwanda kikafa, na wale wa vijiti na matope bado wanafanya kazi. Mvua ikinyesha chumvi inayeyuka inarudi ziwani, kwa hiyo kama unataka kuwakuta kazini nenda kiangazi, Desemba mpaka Februari au Juni mpaka Agosti. Na ni miezi ileile ambayo Ruhija inapitika, hapo umejibiwa maswali mawili.

Naona naonyeshwa saa. Fort Portal basi kwa haraka, siku ya saba, Kasese mpaka pale ni kilomita 75 hivi, Rwenzori kushoto kwako kama mawingu yameruhusu, maziwa ya kreta, mashamba ya chai, mtapata wenyeji wa kuwaonyesha kuliko mimi. Siku ya nane mnarudi Kampala, karibu kilomita 300, na sasa mnaelekea mashariki, jua la asubuhi ndilo liko machoni, kwa hiyo kunyweni chai, tokeni saa tatu. Simameni Mubende, pandeni kilimani kwenye mti wa Nakayima. Vueni viatu, watu wanasali pale kati ya ile mizizi, kila chumba cha mzizi kina mwenyewe, msiingie na helmeti kichwani.

Mizigo sikugusa, bima sikugusa, wa Kenya na Tanzania mnajua kadi yenu ya manjano ya bima. Mafuta jazeni Kisoro na jazeni tena Kihihi, hata tenki likiwa nusu. Wanaoondoka Desemba njooni pale mezani, nina ramani ya karatasi, mje na kalamu, na kila mmoja kwanza aniandikie ataamka saa ngapi.