Mtoto wa Tatu ni Mgeni

KESSY: Karibuni tena. Salma leo kaingia studio kanuna.

SALMA: Acha tu. Wiki hii natafuta nyumba Tabata. Mwenye nyumba kaniuliza nina watoto wangapi. Watatu. Geti likafungwa! Dalali kanivuta pembeni: "Dada, kwingine sema wawili. Wa tatu ni mgeni."

KESSY: (anacheka) Mgeni? Anasoma darasa la ngapi huyo mgeni?

SALMA: La pili. Na anakula kuliko wenyeji.

KESSY: Haya, mada. Kwa nini nchi zikiendelea uzazi hushuka. Utafiti wa 2004-05, mwanamke wa Tanzania alikuwa kwenye wastani wa watoto 5.7. Ule wa 2022, 4.8. Vijijini 5.5, mjini 3.6.

SALMA: Hiyo nukta sita ya mjini ndiye mgeni.

KESSY: Salma! Sikiliza, hapa ndipo patamu. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Kasi ya ongezeko imetoka asilimia 2.7 kwa mwaka hadi 3.2. Uzazi unashuka, kasi inapanda. Imekuwaje?

SALMA: Wageni wamezidi.

KESSY: Vifo vinatangulia kushuka, uzazi unafuata nyuma taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, zaidi ya 100 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Wale mabinti waliopona ndio wanaozaa sasa. Hata kila mmoja akizaa wachache kuliko mama yake, wazazi wenyewe ni wengi.

SALMA: Hapo sawa. Ila kinachowapunguza watoto ni kodi ya nyumba, Kessy. Bibi yangu Lushoto alizaa tisa. Mtoto wa miaka saba alichota maji, akachunga mbuzi. Wangu wa umri huo anataka ada na basi la shule. Zamani mtoto aliingiza, sasa anatoa.

KESSY: Wenye majumba Masaki hawalipi kodi, mbona nao wanazaa wawili?

SALMA: Ada za huko unazijua?

KESSY: Ni shule ya mama, siyo ada ya mtoto. Kenya, utafiti wa 2022: mama ambaye hakusoma, watoto 6.3. Aliyevuka sekondari, 2.8.

SALMA: Na huyo aliyevuka sekondari anaishi wapi? Mjini, kwa dalali!

KESSY: Kachelewa kuolewa kwa sababu alikuwa darasani. Dalali hajamwona bado.

SALMA: Mimi nimesoma na nilitaka wanne. Aliyenisimamisha ni mwenye nyumba, siyo mwalimu.

KESSY: Wewe ni mmoja, dada. Hizi ni kaya maelfu.

SALMA: Hizo kaya maelfu kuna aliyeziuliza kodi yao?

(kimya)

KESSY: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili.

SALMA: Dakika au watoto?

KESSY: Dakika! Na nilikuwa na mambo matatu ya kuwaachia wasikilizaji, hata la kwanza sijaligusa. Lilikuwa la uzazi wa mpango, halafu ajira za...

SALMA: Hayatoshi humo. Yaache.

KESSY: Basi nimeyaacha. Lakini ni shule.

SALMA: Kodi.

KESSY: Salma, shu...

(muziki)