Peke yake kati ya 49: Ernie Chambers na kanuni za Bunge la Nebraska

Ndugu zangu, kila tukijadili mgombea binafsi, iwe Dodoma au Nairobi, swali huwa lile lile: asiye na chama ataingia bungeni akafanye nini peke yake? Nimelijibu mara nyingi, na leo nalijibu tena kwa kumtaja Ernie Chambers.

Huyu alikuwa kinyozi wa Omaha, mji wa jimbo la Nebraska, Marekani; ni Mmarekani Mweusi aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Creighton. Katika bunge la jimbo aliwakilisha wilaya ya 11, kaskazini mwa Omaha, kuanzia Januari 1971 hadi 2009, akarudi 2013 hadi 2021. Miaka 46, bila chama.

Najua kuna atakayesema Nebraska si mfano, kwa kuwa karatasi ya kura ya wabunge kule haitaji vyama. Ni kweli. Tangu 1937 jimbo lile lina bunge lenye baraza moja tu, leo la maseneta 49, na kila mmoja huchaguliwa kwa jina lake. Lakini nani asiyejua ndani ya ukumbi ule nani ni Republican na nani ni Democrat? Wanajuana vizuri, na Republican kwa kawaida ndio wengi. Kilichombeba Chambers ni kanuni. Hapa twende taratibu, maana hapa ndipo watu wanaporuka.

Muswada hujadiliwa hatua tatu, na kura 25 kwa kawaida zinatosha kuupitisha. Seneta anaruhusiwa kusimama mara tatu kwa kila hoja, dakika 5 kila mara. Mwenye hoja hupewa dakika 10 za kufungua, na 5 za kufunga. Sasa, kwa kanuni za enzi za Chambers, leta marekebisho. Yakishindwa, toa hoja kwamba kura hiyo iangaliwe upya: hiyo ni hoja nyingine, saa inaanza tena. Ikishindwa, leta marekebisho mengine, au omba muswada urudishwe kwenye kamati. Wakitaka kukufungia mjadala wapate kura 33.

Na siku zina hesabu. Kikao ni siku 90 mwaka wa witiri, 60 mwaka wa shufwa. Kila saa Chambers aliyoitumia kwenye muswada asioutaka ilitoka kwenye miswada ya wenzake, nao walikuwa na wapiga kura waliowasubiri nyumbani. Kwa hiyo walimfuata mezani kwake kabla mjadala haujaanza: Seneta, kifungu gani kinakukera? Hapo kifungu kilirekebishwa. Silaha hii haifai kwa mvivu. Asiyesoma muswada mstari kwa mstari huishiwa hoja za maana mapema, spika anamwambia ametoka nje ya mada, na wenzake wanajua kwamba hana kitu. Wala haizuii kila jambo: ukiwachokoza wote kwa pamoja, kura 33 zitapatikana.

Mtaniambia huko ni kuzuia tu. Hapana. Mwaka 1980 bunge lilipitisha azimio la Chambers la kutaka fedha za umma za Nebraska ziondolewe kwenye kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Adhabu ya kifo aliipinga kwa karibu miaka 40. Mwaka 1979 muswada wake ulipita, gavana Charles Thone akaukataa. Mwaka 2015 ulipita tena, gavana Pete Ricketts akaukataa, na tarehe 27 Mei bunge likabatilisha ukataaji wake kwa kura 30 dhidi ya 19. Zilihitajika 30 kamili. Bila Republican zisingepatikana, na waliomuunga mkono hawakuwa wanatii kiranja wa chama chochote. Mwaka uliofuata wananchi waliirudisha adhabu hiyo kwa kura ya maoni. Hilo linauma, lakini ni uamuzi wa wananchi, si udhaifu wa kukosa chama.

Ukomo wa mihula niuguse haraka. Mwaka 2000 wapiga kura waliweka mihula miwili mfululizo, na watu wengi Nebraska waliona kwamba aliyelengwa ni Chambers. Akatoka, akakaa nje miaka minne inayotakiwa, akagombea 2012 na kumshinda aliyekuwa kitini. Kesi yake kuhusu mchungaji aliyelipwa na jimbo kuombea vikao, aliyoshindwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1983, tutaizungumza kwenye maswali. Karibuni.