Kung'arisha Rangi ya Gari Nyumbani: Kazi Huanzia Kwenye Ndoo

Mwanaidi: Asalamu aleikum, wasikilizaji wetu. Tunarekodi kipindi hiki hapa Tanga, na leo tunamfikiria mtu mwenye gari ambalo rangi yake imefifia, asiye na mashine wala gereji, lakini anayetamani kulirudishia mng'ao kwa mikono yake mwenyewe. Kaka Athumani, kazi hii umeifanya kwa miaka mingi. Mtu huyu aanzie wapi?

Athumani: Waaleikumu salaam, dada Mwanaidi. Aanze kwa kujua anachokigusa, kwa sababu wengi hudhani kwamba kupolishi ni kuongeza kitu juu ya rangi, ilhali ni kuipunguza. Magari mengi ya sasa yana prima, yaani rangi ya msingi, juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, tabaka la juu lisilo na rangi, ambayo ndiyo inayong'aa. Klia hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 60 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi, na kila unapopolishi unaondoa sehemu yake ambayo haitarudi mpaka gari lipakwe upya. Ndiyo sababu nasisitiza uoshaji kuliko kitu kingine chochote: sehemu kubwa ya mikwaruzo ninayoombwa kuiondoa ilitiwa na kitambaa siku ya kuosha.

Mwanaidi: Hilo nalishuhudia mwenyewe. Nilikuwa na gari jeusi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nililifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikiamini kwamba ninalitunza. Baada ya miezi kadhaa, jua la saa nne lilipoangaza boneti, niliona vistari vya mviringo vimeitapakaa kama utando wa buibui, na iliniuma kweli.

Athumani: Pole sana. Vumbi ni mchanga mdogo, na ukiliburuta likiwa kavu unaikata klia. Kwetu huku pwani linachanganyika na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, hasa kwa wanaoishi upande wa Raskazone. Kwa hiyo liegesheni gari kivulini, bodi ikiwa imepoa, kisha limwagieni maji ya kutosha kabla mkono haujaligusa. Tumieni ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu: baada ya kuosha sehemu moja, kitambaa kisuuzwe kwanza kwenye maji matupu ndipo kirudi kwenye shampuu, ili mchanga ubaki katika ndoo ya kusuuzia. Anzeni juu ya paa mkishuka, kwa kuwa uchafu mkali hukaa chini. Ringi na tairi ziwe na ndoo na kitambaa chake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma.

Mwanaidi: Na sabuni ya unga, ambayo ndiyo iliyopo katika nyumba nyingi?

Athumani: Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya nguo; ni kali, huondoa nta iliyopakwa, na punje zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza. Vilevile naomba tuache dodoki, brashi ngumu na nyuzi za katani. Najua sisi ni watu wa katani, na ni kweli kwamba viwandani nyuzi zake hutumika kung'arishia vyuma, lakini klia si chuma. Nunueni taulo mbili au tatu za maikrofaiba, na mkaushe gari mara moja, kwa sababu maji ya kisima yakikaukia juani huacha madoa meupe ambayo ni kazi kubwa kuyatoa.

Mwanaidi: Gari limeshakauka na ni safi kwa macho. Je, sasa tunashika polishi?

Athumani: Bado, dada. Valia mkono wako mfuko mwepesi wa plastiki, kisha uupitishe polepole juu ya boneti. Utasikia vipele ambavyo vidole vitupu havivitambui. Hayo ni masalia ya utomvu, lami na vumbi la chuma, na huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaotelezeshwa bila kukandamizwa juu ya sehemu iliyolowa shampuu. Udongo huo ukianguka chini, utupeni, hata kama umenunuliwa jana.

Mwanaidi: Hapo nafikiri ndipo watu wengi watakapoona uchungu, lakini nakubaliana nawe.

Athumani: Sasa ndipo tunafika kwenye polishi, na kwa anayeanza nashauri mkono na sponji laini, si mashine ya kuzunguka kwa kasi, ambayo inaweza kuipasha klia moto na kuimaliza kwenye kingo kabla hujang'amua. Zibeni plastiki na mipira kwa utepe wa karatasi. Chagueni polishi nyepesi kwanza, si kampaundi, ambayo ni kali zaidi na hukwangua zaidi, na mjaribu eneo dogo, tuseme sentimita 50 kwa 50, kisha mlifute na kulitazama kwa tochi. Likipendeza, endeleeni hivyo hivyo. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake uacheni, maana ukiufuata mpaka uishe utaimaliza klia yote iliyouzunguka. Na magari ya zamani yasiyo na klia yatapaka kitambaa rangi ya gari. Hilo lisiwashtue, ila kwenye gari lenye klia, rangi ikionekana kitambaani simamisheni kazi mara moja.

Mwanaidi: Na mwisho nta?

Athumani: Naam, kwa kuwa polishi haiachi kinga ya kutegemewa. Nta ipakwe kwa tabaka jembamba sana, iachwe ikauke kama maelekezo ya kopo yanavyosema, kisha ifutwe kwa taulo safi. Kwa jua letu na chumvi hii, msihesabu miezi. Tazameni maji siku ya kuosha. Yakijikusanya katika matone na kuteleza, nta ipo. Yakitandaa na kutulia juu ya boneti, pakeni nyingine.