Usiuze Simu Ikiwa Bado Ina Akaunti Yako

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana bado watu wanakuja kwangu simu ikiwa imeshauzwa. Ukiwauliza waliisafishaje, jibu ni lile lile: "Nilifuta picha."

Kufuta picha si kusafisha simu! Picha uliyoifuta huingia kwanza kwenye kapu la taka la simu, mara nyingi kwa siku 30, na aliyeishika anaweza kuirudisha papo hapo. Na barua pepe je? Ujumbe wa benki? Nywila ulizohifadhi?

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi sina siri." Sawa, wewe huna. Mama yako je, aliyekutumia picha ya kitambulisho ili umjazie fomu? Nani alikuruhusu kumkabidhi mtu baki kitambulisho kile?

Basi sikilizeni, na mpangilio msiuvuruge. Hamisha kwanza vitu vyako, pamoja na ile programu inayokupa namba za kuthibitisha unapoingia kwenye akaunti. Ukiisahau hiyo, umejifungia nje mwenyewe. Halafu ondoka kwenye akaunti: ya Google kwa Android, ya Apple kwa iPhone. Hapo ndipo urudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Ukiiruka akaunti, mnunuzi atawasha simu, itamkaribisha, itamwambia achague lugha, kisha itamdai nywila ya mwenyewe wa zamani. Imekwama. Kufuli hiyo, ambayo iPhone inayo tangu 2013, iliwekewa wezi, lakini haimtambui mtu aliyelipa pesa yake halali. Mwisho chomoa laini na kadi ya kumbukumbu kwa mkono wako. Kadi ndiyo inayosahaulika, na picha za watoto ndimo zilimo.

"Yangu imekufa, haiwaki." Basi usimuuzie mpita njia. Tumia simu nyingine kuiondoa kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako, badilisha nywila, kisha ipeleke kwa mchakataji wa vifaa chakavu vya kielektroniki mwenye kibali, na umuulize anaiharibuje kumbukumbu ya simu. Asipokuwa na jibu la kueleweka, ondoka nayo.

Muda umenibana na la kuchakata sijaligusa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Na mali imo humo: medali za Olimpiki ya Tokyo zilitokana na metali za vifaa chakavu, simu zikiwa zaidi ya milioni 6. Simu iliyolala kwenye droo yako haimfai mtu, na bei yake inashuka kila mwezi.

Betri iliyovimba msiitoboe, msiichaji, wala msiitupe kwenye taka za nyumbani, kwani ikibanwa au kutobolewa inaweza kulipuka moto. Iwekeni mbali na vitu vinavyoshika moto, na mnapoifikisha kwenye kituo cha kukusanyia, mwambieni anayeipokea kwamba imevimba kabla hajaishika.